Miaka Kumi na Miwili Niliyoikwangua kwa Wembe

Mimi nimezaliwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni 1941, kwa mama yangu, kule Kehancha. Mara ya pili ni 1996, kwa karani mmoja pale Migori mjini aliyekuwa anatafuna mahindi ya kuchoma huku akigonga taipureta.

Karani alinizaa mwaka wa 1953. Hata usoni hakunitazama.

Wewe utakayesema nimetunga, pita tu na safari yako. Sitafuti mashabiki.

Naitwa Mirumbe. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili, mingi yake upande wa Homa Bay, karibu na Asumbi. Nilipofika hamsini na tano serikali ikanipa barua, nenda nyumbani. Ndiyo ilikuwa sheria ya walimu enzi hizo.

Sikuwa nimechoka. Asubuhi ya kwanza bila darasa nililia, na sioni aibu kusema.

Halafu nikaona tangazo gazetini. Shule moja ya Botswana inatafuta mwalimu wa kuongoza idara ya Kiingereza. Kampuni ya wakala itafanya usaili Homa Bay. Umri usizidi miaka arobaini na mitano.

Arobaini na mitano, jamani. Ukisoma sharti kama hilo unajua aliyeliandika hajawahi kufundisha hata kuku. Mtu wa umri huo ndiyo kwanza anaanza kujua koma inakaa wapi.

Lakini kazi niliitaka. Niliitaka vibaya sana.

Mke wangu Milka aliniambia niende hivyo nilivyo, niseme ukweli, wakikataa nirudi nyumbani tule ugali. Nikamwambia haelewi dunia. Nimemwambia mambo mengi ya kijinga maishani, na hilo limo.

Basi ndiyo nikaenda kwa karani. Alinipigia kiapo cha umri, kikapigwa mhuri. Lakini cheti changu cha ualimu kilisema 1963, na mtoto wa 1953 hawezi kuhitimu ualimu akiwa na miaka kumi. Ilibidi kisome 1975.

Karani akanisukumia wembe. Alisema yeye hakwangui karatasi ya mtu, anagonga tu.

Nikakwangua mwenyewe, polepole, nikapuliza vumbi. Mimi niliyewachapa watoto kwa kufuta jibu kwenye mtihani.

Siku ya usaili nikanyoa mvi zote na kupanda gari mapema. Kwenye foleni tulikuwa kama ishirini. Nani nakuta mbele yangu? Jacktone wa Rusinga. Tulifundisha shule moja zamani, na amenizidi mwaka mmoja.

Siku hiyo alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Nilikaribia kucheka. Jacktone hana meno sita ya chini. Waluo wa zamani waling'olewa hayo meno wakiwa vijana, na mila hiyo ilikuwa imekufa kitambo. Mjaluo wa miaka arobaini na mmoja mwenye pengo lile utamtafuta mpaka uchoke.

"Omera, ndugu yangu, wakiuliza nitasema nilianguka na baiskeli," akaninong'oneza.

Mlango ulikuwa mwembamba, tukasikia yote. Aliyekuwa anauliza ni kijana mmoja anaitwa Levis, mwenye tai nyekundu na Kiingereza cha kuokota stendi.

"Meno sita, na yamefuatana?" Levis akauliza.

"Ilikuwa baiskeli kubwa."

Dakika tano, Jacktone yuko nje. Nilimdharau kabisa. Mtu unadanganya, angalau danganya kwa bidii. Yeye hata kiapo hakuwa nacho, na cheti alisema kimebaki nyumbani.

Zamu yangu ikafika. Ndani walikuwa watatu. Levis, karani wao Joyline aliyekuwa anaandika, na mkurugenzi mwenyewe, miwani myeusi, nywele nyeusi tii kama kiatu cha polisi.

Levis aliniuliza maswali ambayo ningeyajibu nikiwa nimelala. Mawili nilimrekebishia kwanza ndipo nikajibu. Nikaona Joyline anazuia kicheko. Nikajua kazi nimepata.

Ndipo mkurugenzi akainua kichwa na kuniuliza, kwa Kikuria, mimi ni wa esaro gani.

Kwa msiojua, sisi Wakuria vijana hutahiriwa pamoja, na kundi la mwaka huo hupewa jina lake. Hiyo ndiyo esaro. Huwezi kuhama. Aliyekutangulia esaro ni mkubwa wako mpaka kaburini, hata awe mlevi wa kulala mitaroni, na akiingia unampisha kiti.

Nikapiga hesabu haraka. Mtu wa 1953 lazima ataje esaro ya 1968 hivi. Hiyo ni esaro ya Sammy, kitinda mimba wa mama yangu. Sammy niliyembeba mgongoni, leo niseme ni rika langu?

Serikali nilikuwa nimeidanganya bila kutoa jasho. Hapa ulimi ulikataa.

"Ya nzige," nikasema. Sisi tulitahiriwa mwaka ambao nzige walimaliza mtama wote.

Mkurugenzi akatabasamu. Akamwambia Levis kwamba huyu ni mzee wa hamsini na kitu, karatasi zake ni za uongo, aitwe mwingine. Akanisukumia faili langu kwa mkono wa kushoto.

Ule mkono haukuwa na kidole kidogo. Nikautambua.

Mwaka wa nzige, mkono uleule ulinishika shingo wakati nasimama mbele ya ngariba, na mwenye nao akaniambia nikipepesa jicho atanizaba kofi. Alikuwa anaitwa Muniko. Alikuwa ametutangulia esaro mbili nzima. Kwa hiyo mkurugenzi wa kufukuza wazee alikuwa anagonga sitini, na kichwani amejimwagia rangi.

"Na wewe, bwana, ni wa esaro gani?" nikamuuliza. Kwetu anayeuliza hujibu pia.

Alimtazama Levis. Akamtazama Joyline. Kisha akataja esaro ya Sammy.

Sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau yule pale mezani. Jitu zima limejishusha mpaka kwa watoto, na la kuliogopesha ni Levis.

Nikasimama. Nikaongea Kiswahili, wote waelewe.

"Basi wewe ni mdogo wangu. Kwetu mdogo hakai mkubwa akiwa amesimama. Inuka nikae."

Angekataa, angekuwa amekiri. Akainuka.

Nikakaa kwenye kiti chake na kunywa chai yake yote. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Kisha nikachukua faili langu nikatoka.

Nje nilimsimulia Jacktone kwa madaha. Nilikuwa sijamaliza Joyline akatoka mbio, ameficha barua kwenye kitenge.

"Mwalimu, ile ya umri aliiweka mkurugenzi mwenyewe," akasema. "Shule haikutaja umri. Soma."

Nikasoma. Shule ilitaka mwalimu aliyefundisha miaka isiyopungua ishirini na mitano. Aliyefundisha mingi zaidi afikiriwe kwanza.

Joyline alisema majina yanaondoka na posta ya jioni, na anayechapa orodha ni yeye. Kati ya wote waliosailiwa hakuna aliyefikisha miaka hiyo.

"Umefundisha miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Hapa umeandika ishirini. Nipe kile cheti cha kweli."

Nilikuwa nimekishika. Cheti cha kweli na cha uongo kilikuwa karatasi hiyohiyo moja. Akakiinua juani, na pale palipokuwa na mwaka wangu mwanga ulipita. Akanirudishia.

Jacktone akakohoa kidogo. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha. Cheti chake cha 1962, kisafi, hakijaguswa. Hakikuwa kimebaki nyumbani hata kidogo, alikuwa amekificha tu.

Jacktone alikaa Botswana miaka sita. Naambiwa walimpenda sana, pengo na yote.

Sasa mnataka funzo. Haya, chukueni.

Muniko nilimdharau kwa kukana mwaka mmoja, ule aliotahiriwa. Mimi nilikana miaka kumi na miwili ya watoto wa watu. Wengine wao walitembea pekupeku kutoka mbali kuja kukaa mbele yangu. Nilisema mimi na wao hatukuwahi kuonana, na nilisema hivyo ili nipewe watoto wengine. Kama mnatafuta wa kudharau, msianzie kwa Muniko.