Unene wa Mama na Jicho Lake

Hapana, shangazi, sikumdharau mama. Aliposema jicho linamuuma na kichwa kinamgonga, mimi niliyesoma sekondari nikajibu haraka: ni unene tu, mwili mzito unasukuma jicho, punguza ugali utapona. Akatii, akakonda.

Leo tulikuwa tunapepeta ufuta hapa kwetu Naipingo. Majirani wakamsifu kwa kukonda, nami nikajitapa kwamba dawa ni yangu. Mama akacheka, akainua ungo, akamimina ufuta wote chini, pembeni ya gunia.

"Mbona mmenyamaza, jamani?" akauliza.

Jicho lile lililomuuma, la upande wa gunia, halioni tena. Amekiri kwamba alinificha, akidhani bado hajakonda vya kutosha.

Kesho asubuhi nampeleka hospitali Nachingwea, na daktari nitamwambia mwenyewe: aliyemchelewesha ni mimi.