Mama Makena Hakubali Nne kwa Kumi

Leo nimeshtakiwa kwa sababu ya alama nne.

Mimi hufundisha dini kidato cha pili hapa Meru. Juzi nilitoa kazi ya nyumbani: eleza njia tano za kuonyesha uaminifu.

Asubuhi Mama Makena akaingia ofisi ya walimu. Ameacha ndizi zake sokoni Gakoromone, daftari la mwanafunzi wangu mkononi, Makena mwenyewe nyuma yake.

"Mwalimu, hii kweli ni nne kwa kumi?"

Nikamweleza polepole. Kurasa tatu za mahubiri matamu, lakini hoja ni mbili tu.

"Mwalimu! Nimefundisha watoto kanisani miaka ishirini. Nimekalia hiyo kazi mpaka githeri ikaungua jikoni, halafu unanipa nne?"

Walimu wote wakageuka. Hata mwalimu wa hesabu akaacha kusahihisha.

Makena akaangalia viatu vyake.

Mwanafunzi akifanyiwa kazi, sheria yetu ni moja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye daftari: "Mzazi aje shuleni."

Mama akasoma, akavuta kiti, akakaa.

"Haya, nimefika. Hizo hoja tatu zimebaki ni gani?"

Walimu wenzangu, hii nne namwandikia nani?