Mapumziko ya Saa Nne

Shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara yetu, hapa ugenini Rosettenville, ilituambia nafasi zimejaa. Basi mwaka ule binti yangu akasomea nyumbani, ghorofani, chumba kimoja na cherehani yangu. Ratiba niliipanga mwenyewe. Hesabu asubuhi, akili ikiwa bado safi, kisha sayansi, na mapumziko saa tano, wakati wateja wangu huwa wachache na tungeweza kunywa chai pamoja.

Hakuifuata. Kila siku saa nne alifunga kitabu, akachukua mkate wake na kushuka chini. Nilimfokea. Nilimwambia ratiba si pambo la ukutani. Alinisikiliza vizuri tu, na kesho yake saa nne akashuka tena.

Siku moja nilimfuata, nimejaa hasira. Nilimkuta amesimama getini, anaitazama ile shule. Kengele yao ilikuwa imelia na uwanja umejaa watoto wa rika lake. Alikuwa anakula mkate wake wakati na wao wanakula. Hakuna aliyemwangalia.

Nilirudi juu, nikahamisha mapumziko yawe saa nne. Chai niliinywa peke yangu.

Shule zilipofungwa kwa likizo, yeye aliendelea kusoma. Saa nne ikapita, hajanyanyuka. Nikaacha kushona, nikamimina chai vikombe viwili, nikamwambia sasa ni mapumziko.

Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo aliniuliza kwa Kiswahili, "Na nani, mama?"