Kinanda cha Wazungu na Maji ya Bibi

Mwanangu, kuna siku moja ya baridi pale Iringa, miaka ya hamsini, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Bibi yangu, Sekalinga, alikuwa mahututi. Alikuwa amemlaani mwanawe, mjomba Zakaria, walipogombania shamba la bondeni. Kwetu, mzazi akitaka kuyafuta maneno yake huweka maji mdomoni, akampulizia mtoto kifuani. Basi yameisha. Asubuhi ile bibi akaomba maji kwenye kibuyu, akaniambia, "Ana, kamwite Zakaria. Usimsalimie mtu njiani."

Nikakimbia kutoka kwetu Kihesa. Mjomba alifanya kazi kanisani kwa Wazungu, lile la mawe, kusukuma mpini wa kinanda ili kipate pumzi. Sikuwa nimewahi kuingia humo. Dari imekaa kama mbavu za ng'ombe, vioo vya rangi vinamwaga wekundu sakafuni. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akijifunza nyimbo za Jumapili. Sauti ile, mwanangu, niliisikia mpaka kwenye nyayo! Mjomba akanitazama, jasho linamtoka. Nikajua akiuachia mpini, kinanda kitanyamaza. Nikampungia mkono kwamba hakuna neno, nikakaa. Wimbo mmoja tu, nilijiambia. Zikawa nyimbo tatu.

"Kamwene, mpwa wangu," mjomba akanisalimu Kihehe kwa utani alipomaliza. "Umekuja kubatizwa upya?"

Nikamwambia. Alitoka mbio, hata kofia akaiacha.

Mama mdogo Rehema alisimama mlangoni, kibuyu mkononi. "Amekaa na maji mdomoni anakungoja, mpaka roho ikamtoka, yakamwagika shingoni," alisema. "Mlikuwa wapi?"

Mjomba akakichukua kibuyu, akajimwagia kifuani mwenyewe.

"Hayafai, Zakaria. Hayakutoka mdomoni mwake."

"Najua, dada."

Hakurudi tena kwenye kinanda. Mahindi yakikauka, mtoto akiugua, alisema ni laana ya mama. Alikufa akidhani alichelewa kwa sababu ya kazi yake. Zile nyimbo tatu sikumwambia.

Mwanangu, ukitumwa na mgonjwa, fikisha kwanza. Kizuri utakitazama ukirudi. Na ukimkosea mtu, mwambie angali anakusikia; mimi nilinyamaza, na sasa nawaambia ninyi ambao sikuwakosea.

Haya, sogea. Maji haya ya baraka nayaweka mdomoni nikiwa bado na nguvu, sisubiri kitanda. Pokea kifuani. Mungu akutangulie, na popote unapongojwa, ufike mapema.