Tiyo Iliyotazama Kwetu

Watu wakikumbuka vita vya Bunia hukumbuka risasi. Mimi nakumbuka tiyo. Ilikuwa bomba la bati lililotoboa ukuta wa jirani yetu, patron, na kutokeza upande wetu, mdomo wazi, kama mlevi anayetaka kutapika na bado anachagua mahali.

Patron alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Mbele ya nyumba yake, barabarani, palikuwa na comptoir, duka lake la kununulia dhahabu, yenye mizani na viti vizuri. Nyuma palikuwa na kibanda ambamo vijana wake walichoma dhahabu. Wachimbaji waliileta ikiwa imeshikamana na zebaki, ambayo siye tuliita merkure, na kazi ya kibanda ilikuwa kuichoma juu ya makaa mpaka merkure iende zake na dhahabu ibaki. Iende wapi? Mke wa patron alipenda shuka nyeupe, zianikwe na zibaki nyeupe. Basi tiyo ikapitishwa ukutani, na merkure ikaenda zake kwa mama yangu.

Mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa kuuza. Kinu kilikaa chini ya tiyo kwa sababu uwanja wetu ulikuwa na pembe moja tu yenye kivuli, nacho kilikuwa kivuli cha ukuta wa patron. Hata kivuli tulikuwa nacho cha kuazima. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alishinda hapo juu ya kitenge akiokota majani yaliyoruka na kuyala. Mara nyingine matone ya merkure yalidondoka kutoka mdomo wa tiyo. Siye watoto tuliyakimbiza kiganjani, yakigawanyika na kuungana tena, na tulijiona tuna mchezo mzuri kuliko watoto wote wa avenyu ile. Baba alikuwa machimboni upande wa Mongbwalu, akitafuta dhahabu hiyo hiyo. Pengine ule moshi ndio kitu pekee alichotutumia mwaka ule.

Cha kuchekesha ni kwamba jiko la patron lilinunua sombe kwa mama. Kwa hiyo alikula moshi wake mwenyewe, umepikwa vizuri na mawese. Jambo hilo hunifurahisha mpaka leo, na sitaki kulitubia.

Kisha viganja vya mdogo wangu vikawa vyekundu, ngozi ikaanza kubambuka, na nyayo vilevile. Alitoka jasho kama mbeba mizigo. Alilia kutwa kucha, na zile hatua chache alizokuwa amejifunza akazisahau. Muuguzi wa dispensari akasema ni minyoo. Mchungaji akasema ni shetani wa ukoo wa baba. Mimi nilimwamini mchungaji zaidi, maana bibi mzaa baba nilimfahamu.

Mama hakumwamini hata mmoja wao. Kila jioni, kupitia ufa wa ukuta, aliwaona vijana wa kibandani wakinywa maziwa, kikombe kila mmoja, na watoto wa patron wakiitwa nao wanywe. Kwetu hakuna asiyejua kazi ya maziwa. Mtu akimeza kitu kibaya, kwanza anapewa maziwa, maelezo baadaye. Maziwa hutoa sumu. Mama alitazama jioni kadhaa, halafu akafunga kitenge, akambeba mtoto mgongoni, akaenda comptoir kwa mlango wa mbele. Mimi nikamfuata, maana ugomvi wa mama haukuwa kitu cha kukosa.

"Patron," alisema, "ile tiyo yako iko inaangalia kwangu. Geuza ikuangalie weye."

Patron alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, ndiyo maana wachimbaji walimtazama usoni na kusahau kutazama mizani. "Mama, moshi iko moshi tu. Hata ya maharagi iko vile vile."

"Kama iko moshi tu, maziwa ya batoto yako iko ya nini?"

Wachimbaji waliokuwa kwenye viti waligeuza shingo zote pamoja. Patron akatazama dari, akatazama mizani, kisha akaita ndani: "Mumuletee huyu mama kopo ya maziwa!"

Alidhani yamekwisha. Mama alipokea kopo, kwa sababu maziwa hayakataliwi, akasema, "Aksanti. Sasa tiyo."

"Nitaangalia, mama."

Kwetu "nitaangalia" ni hapana iliyovaa koti. Maziwa yote alipewa mdogo wangu, na mimi sikuruhusiwa hata kulamba kijiko. Kopo likaisha. Viganja vikabaki vyekundu.

Ndipo mji ukalipuka. Siye tulikimbilia parokiani tukalala sakafuni na watu wengine wengi. Patron alipanda ndege ndogo pamoja na mke, watoto na mizani. Tuliporudi nyumbani tulikuta waporaji wamebeba milango yake, magodoro yake, masufuria yake. Tiyo hawakuitaka. Majuma yakapita bila moto kibandani. Tulikula vibaya, tulilala uvunguni, maji tulichota mbio mbio, na viganja vya mdogo wangu vikapona. Asubuhi moja, bunduki zikiendelea kubishana upande wa mtoni, alisimama akatembea kutoka kwa mama hadi kwangu, anacheka.

Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Siye tulikuwa nyasi zilizonawiri. Mama aliona haya kufurahi wakati watu wanazika, akafurahi hivyo hivyo. Kanisani walipofunga kuombea amani, naye alifunga na kuomba, ila kwa sauti ya chini aliongeza kwamba Bwana asiharakishe.

Bwana aliharakisha. Askari wa kigeni wakaja, maduka yakafunguliwa, watu wakakumbatiana barabarani. Patron akashuka kwenye ndege, amenenepa. Haikupita wiki tukasikia makaa yakipulizwa nyuma ya ukuta. Mama aliacha mchi ndani ya kinu, akatazama tiyo ikianza kutoa moshi.

"Kamata mukeka," akaniambia. "Tunaenda."

Watu walikuwa wameanza kutoka katika kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, wakirudi makwao. Siye tulipishana nao tukielekea kambini, nao walitutazama kama waliopotea njia. Langoni alikaa bwana mmoja aliyechoka, anayepokea wakimbizi.

"Munatoka wapi?"

"Hapa hapa Bunia."

"Munakimbia nani?"

Hatukuwa na kabila la kumtajia, wala kikundi, na nilijua hakuna mtu anayepewa hema kwa sababu ya tiyo. Mama akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Jirani yetu," akasema.

Yule bwana akaitikia kwa kichwa. Mwaka ule nusu ya Ituri ilikuwa imemkimbia jirani yake.

"Pole, mama. Alishaua mutu kwenu?"

"Bado," mama akasema, na bwana akatukabidhi turubai.