Siku Dani Alipowaaga Wenye Chemchemi

Nilipokuwa mtoto, maji ya kunywa nyumbani kwetu yalikuwa na wenyewe. Yalitoka chini ya mkuyu mkubwa, ndani ya kichaka kilichokuwa kati ya boma letu na ziwa, si mbali na Asembo Bay. Kabla ya kuchota ulivua viatu, ukapiga hodi, ukangoja kidogo. Sufuria yenye masizi haikukaribia pale. Sabuni vilevile. Shoka ndiyo kabisa. Aliyetufundisha hayo ni Dani, nyanya yangu mzaa baba. Alituambia kwamba mkuyu ule ndio mama wa maji, na waliokaa ndani yake walikuwapo kabla ukoo wetu haujafika. Ukimkata mama, maji yataondoka.

"Na hayaondoki peke yake," alikuwa akisema. "Hubeba mtu."

Tuliamini. Dani mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa. Jumapili alifunga kitambaa cheupe kichwani na kuimba kwa nguvu kuliko mwalimu wa kwaya, kisha akirudi alipitia chemchemini kuwasalimu wenyewe. Hakuona ugomvi wowote kati ya safari hizo mbili, nasi hatukuuona.

Baba alikufa maji nikiwa shule ya msingi. Mama, ambaye Dani alimwita Nyar Awasi kwa sababu alizaliwa kule Awasi, kwenye barabara ya Kericho, alibaki na mimi na mdogo wangu Akoth, aliyekuwa bado ananyonya. Ndipo Mama akaanza kukaanga samaki.

Wazee wetu walikula fulu, vile visamaki vidogo ambavyo mwanamke alivianika juu ya mawe asubuhi na jioni akavikuta vimekauka. Jua lilifanya kazi yote. Kisha mbuta akajaa ziwani, akawala fulu hadi wakawa wa kusimuliwa. Mbuta ni samaki mkubwa mwenye mafuta mengi, ukimwanika anaoza. Yeye anataka moto. Na hata huyo mbuta hatukumpata mzima. Minofu ilikwenda viwandani Kisumu, ikapanda ndege kwenda kwa watu tusiowajua, na sisi tukarudishiwa vichwa na mifupa, tuliyoiita mgongo wazi. Mama aliikaanga ndani ya karai kubwa akaiuza kando ya barabara. Wanawake wengi wa pwani ile walifanya hivyohivyo, na kila karai lilikula kuni.

Kwanza kuni ziliokotwa. Halafu zikakatwa vichakani, halafu kwenye mipaka ya mashamba, halafu milimani, ambako Mama aliondoka kukiwa bado kiza na kurudi na mzigo mdogo, shingo imekakamaa. Mwishowe pwani yote ikabaki na kichaka kimoja tu chenye miti ya maana. Hakuna aliyekigusa. Si kwamba watu wetu walipenda miti kuliko wengine, waliogopa.

Asubuhi Mama alipowaleta wanaume wawili na msumeno, Dani alikuwa amekwisha kukaa juu ya mizizi ya mkuyu, miguu ameinyoosha. Mimi na Akoth tulisimama nje ya kichaka tumeshikana mikono.

Mama alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, nisamehe. Nimetembea kila mahali. Karai limelala tangu wiki iliyopita."

"Nyar Awasi, mimi sijakukataza kukaanga samaki."

"Nitakaanga na nini? Pasta alisema mti ni mti tu."

"Pasta anakunywa maji ya wapi?"

Mama alianza kulia, si kwa sauti, mabega tu yakitikisika. Dani alimtazama, akatutazama sisi, na nilimwona akimtazama Akoth zaidi, mtoto mwenye miguu myembamba na tumbo la njaa. Akasimama kwa taabu, akajikung'uta vumbi.

"Nimesema nilichoambiwa niseme," akasema. "Yataondoka. Na hayataondoka peke yake."

Mkuyu ulianguka kabla ya saa sita. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba haukuwa hata na kuni nzuri. Mti wa mkuyu ni mwepesi. Ulitoa moshi mwingi na moto kidogo, na ukaisha upesi. Mama alikaanga samaki wake huku machozi yakimtoka, nasi tukasema ni moshi.

Maji hayakukauka siku ile. Yaliendelea kutoka, yakiwa na jua juu yake kwa mara ya kwanza, na ng'ombe wakaanza kuingia mahali ambapo mizizi ilikuwa imewazuia. Mvua ilipokuja ilibomoa kingo. Kila kiangazi yalipungua, hadi chemchemi ikawa kidimbwi cha rangi ya chai ambacho ulichota kwa kikombe, ukingoja kati ya kikombe na kikombe. Asiyekuwa na subira alikwenda ziwani. Basi sote tukawa tunakwenda ziwani.

Na ziwa lenyewe lilikuwa limebadilika. Miaka hiyo gugumaji liliingia, zulia la kijani lenye maua ya zambarau, la kupendeza ukilitazama kwa mbali. Lilifunga ghuba, mitumbwi ikashindwa kutoka, na maji ya chini yake yakasimama, yakanuka. Tulisukuma majani kando kwa fimbo tukachota. Dani alisema tuchemshe. Lakini kuchemsha nako kulitaka kuni, na kuni zilikuwa za karai.

Kipindupindu kilipofika kilianzia kwa majirani wa upande wa ziwa. Akoth alianza kuhara asubuhi akirudi kuchota maji. Mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Mama alimbeba mgongoni kwenda zahanati akikimbia, nami nikimfuata na kanga ya kubadilisha. Njiani Akoth aliomba maji. Mama alisema, "Tunafika, mama yangu, tunafika." Aliomba tena, kisha hakuomba. Mama aliendelea kukimbia muda mrefu baada ya mimi kuona kichwa kimelala vibaya.

Tulimzika haraka, kama wagonjwa wa kipindupindu walivyozikwa, watu wakisimama mbali. Lakini matanga hayakukosa maneno. Baada ya siku chache ukoo ulikutana uwanjani kwetu. Mdogo wake baba, Ogola, mtu ambaye hadi wakati huo alikuwa ametutendea wema, ndiye aliyesema kile ambacho wote walikuwa wakinong'ona.

"Huyu mama alikata kitu kisichokatwa. Ameleta chira, laana ya kuvunja mwiko, katika boma hili. Leo ni mtoto wake. Kesho itakuwa wangu. Mimi sina chuki naye. Lakini arudi kwao Awasi, na Atieno abaki hapa kwa sababu ni wetu."

Atieno ni mimi. Nilimtazama Mama. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, hakujitetea. Naamini alikuwa amekubali. Tangu zahanati hakuwa amesema neno zaidi ya moja, na neno hilo lilikuwa "mimi."

Dani akasimama. Watu wakamgeukia, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa ametoa onyo, na onyo lilikuwa limetimia mbele ya macho yao. Walimngojea aweke muhuri.

"Mnisikilize," akasema. "Ile habari ya mkuyu ni uongo."

Ogola akasema, "Mama?"

"Ni uongo. Mama mkwe wangu aliniambia, na mimi nikawaambia ninyi, ili watoto wasitumbukie majini. Tulikuwa tunatisha watoto. Pale hapana mtu. Hapajawahi kuwa na mtu. Ni mti na maji."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema yatabeba mtu."

"Nilisema kwa hasira. Mzee na hasira si mnajua?" Akanyoosha fimbo upande wa ziwa. "Kule pia wanazika. Wao walikata mkuyu gani? Mtoto ameuawa na maji machafu. Huyu mama haendi popote. Anayemfukuza, anifukuze mimi kwanza."

Hakuna aliyeweza kubishana naye. Watu walitawanyika kidogo kidogo. Mama aliinama akaweka paji la uso juu ya miguu ya Dani, na Dani akamwacha hapo, mkono ukimpapasa mgongoni.

Jua lilipopungua ukali nilimfuata Dani, maana nilimwona akiondoka kuelekea kichakani bila mtungi. Nilimkuta peku, amepiga magoti kando ya kile kidimbwi, anazungumza.

"Dani," nikasema, "si umewaambia watu hapa hapana mtu?"

"Nimewaambia."

"Sasa unaongea na nani?"

Hakugeuka. "Nawaaga, nyakwara, mjukuu wangu. Nimewakana mbele ya watu. Hawawezi kukaa tena."

Nilidhani ni huzuni tu ya mzee. Sikuelewa alichokuwa amekiona mbele, ila hakikuchukua muda kuja. Kichaka kilikuwa bado na miti mingi, na sasa hakikuwa na wenyewe. Ogola alikuwa wa kwanza kuingia na shoka. Hakuingia kwa siri. Alipita mbele ya mlango wa Dani, akamsalimu kwa heshima. Wakafuata wachoma makaa. Kabla ya mvua nyingine pale palikuwa peupe kama kiganja, na mvua ilipokuja ikateremsha udongo mwekundu hadi ziwani, tukauona umeenea kati ya magugu. Chemchemi ikafukiwa. Dani hakulalamika hata siku moja. Alikufa kabla ya miaka ya tisini kuisha, na alikunywa maji ya ziwa hadi mwisho.

Leo nafundisha Kisumu. Nimesoma jinsi mizizi inavyoshika udongo na kivuli kinavyotunza maji, nami nawaeleza wanafunzi wangu vizuri. Lakini najua kwamba kwetu si elimu iliyokuwa imekilinda kile kichaka. Ni woga, uliopitishwa na wanawake kutoka kwa mama mkwe hadi kwa mkaza mwana, na ulivunjwa siku moja, na yule aliyeuamini kuliko sote, kwa sababu mtu mmoja alikuwa akizama.

Mama bado yuko kule bomani. Ananunua maji ya madumu yanayoletwa kwa punda. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho tulikaa nje, naye akiwa anatazama upande ule ambao sasa ni shamba la mtama uliodhoofika, akasema, "Dani alikosea. Angeniacha niende Awasi. Mtu mmoja ni nini? Pale wangekunywa watoto wa watoto wenu."

Tangu siku ile nimejaribu kujiwaza nikikua katika boma lile, kichaka kimesimama, maji baridi na safi yakirudi kidogo kidogo chini ya miti iliyobaki, na mama yangu hayupo. Nimewaza hivyo mara nyingi. Kila mara nikifika mahali pa kuinama nichote, mikono inakataa.