Mja Mzito Hakanyagi Mwaloni

Lusia, mke wa mwanangu Enock, si mwanamke wa kukaa bure. Alipoolewa hapa Nyarugusu akitokea Kishapu, alishika kazi mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, na wanaume walimwogopa kwa ulimi wake. Aliposhika mimba ya kwanza, mimi mama mkwe wake, anayeniita Mayu, yaani mama, nikamwondoa. Kwetu mja mzito hakanyagi mwaloni, dhahabu hukimbia. Nikamwambia akae nyumbani, achome.

Kuchoma tuliona ni kazi nyepesi. Enock analeta kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, kinawekwa kwenye bati juu ya mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mlango na dirisha tunafunga, maana majirani zetu wana macho. Lusia alichoma hivyo miezi sita, nami nikijisifu kwamba nimempumzisha.

Ngusa alizaliwa mzuri wa sura. Akatimiza mwaka, shingo haijakaza. Nikampeleka kwa mganga, kisha kanisani akaombewa, kisha nikamsema Lusia kwamba ukoo wao una jambo. Mungu anisamehe mdomo huu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka minne sasa, hakai, hasemi, na uji analishwa kidogo kidogo asipaliwe. Lusia ana mimba nyingine ya miezi mitano. Juzi kliniki, muuguzi Justa alituuliza kazi zetu. Nikamjibu kwa fahari kwamba mkwe wangu hafiki mwaloni, anachoma tu ndani.

Justa akaweka kalamu chini. Alitueleza kwamba mvuke ule mama anauvuta, unamfikia mtoto tumboni na kumwumiza ubongo. Kuhusu Ngusa hakuthubutu kuapa, maana kipimo hawana.

"Kuanzia leo usichome tena," alimwambia Lusia.

"Na niliokwisha kuvuta?"

Justa alisema arudi mwezi ujao.

Sasa Enock anachomea porini, peke yake. Mimi nimebaki kumtazama Lusia tumbo, na usingizi sina. Jana tulikuwa tunachambua mchicha, akaushika mkono wangu ghafla, akauweka ubavuni mwake. Mtoto alikuwa akirusha miguu kwa nguvu, nikaanza kumshukuru Mungu.

"Mayu," akasema, "hata Ngusa alicheza hivi hivi."